Tembe za Jumamosi

Serikali ilituletea dawa siku ya Sabato. Ningeweza kukomea hapo, na mtu yeyote aliyelelewa katika boma la Wasabato huko kwetu angenielewa, akatikisa kichwa, akaenda zake. Lakini ninyi wengine itabidi niwaeleze polepole, na mnisamehe nikipandisha sauti. Jambo hili lina miaka mingi sasa na bado linanichoma.

Nyansiongo, huko juu upande wa Kisii, tulikuwa wageni, kama karibu watu wote wa hapo. Wazungu walikuwa wameondoka, mashamba yao yamekatwa vipande, na baba mkwe wangu akapata kipande chenye mikaratusi upande wa juu na bwawa la kunyweshea ng'ombe upande wa chini. Niliolewa hapo miaka michache baada ya uhuru. Mume wangu alifanya kazi katika kiwanda cha chai upande wa Kericho na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo mwenye neno la kwanza na la mwisho pale bomani alikuwa baba yake. Mzee mrefu, mkavu, mzee wa kanisa. Alilima chai na hakuionja hata siku moja, maana kwake ilikuwa kileo kama pombe.

Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kukaa mbali. Heshima hiyo tunaiita ensoni. Hanishiki mkono, haingii nyumbani mwangu, nami simkodolei macho tukizungumza. Mzee akiwa na neno nami alisimama uani, akakohoa, akaongea na ukuta. Mimi nilikuwa ndani, namjibu kupitia ukuta ule ule. Tuliishi hivyo na tulielewana vizuri kuliko watu wengi wanaokaa meza moja.

Kilichotuunganisha ni binti yangu, mtoto wangu wa kwanza. Tulimpa jina la marehemu mama wa mzee, kwa hiyo mzee alimwita "Mama." "Mama, njoo." "Mama, umekula?" Na mtoto, ambaye hata magoti yake hayajakauka matope ya kutambaa, alimjibu kwa sauti ya mtu mzima: "Nimekula, mwanangu." Tulicheka mpaka machozi. Jioni mzee alimpakata nje ya nyumba yake wakaimba nyimbo za kanisa, yeye sauti ya chini, mtoto sauti ya juu, na mtoto hakukosea maneno. Nilikuwa nikipika huku nasikiliza. Sijapata kusikia kitu kizuri kuliko kile, na sitasikia tena.

Malaria tuliijua kama homa ya ziwani. Mtu alishuka kule chini kwenye joto kutafuta samaki au kazi, akarudi anatetemeka. Huku juu, walituambia, baridi inaua mbu. Wazungu waliamini hivyo na serikali ikarithi imani hiyo pamoja na viti vya ofisini. Kisha ikaja mvua iliyokataa kwisha. Yale mabwawa ya wazungu, ambayo sasa hakuna aliyeyafyeka wala kuyazibua, yakajaa majani na maji yaliyosimama. Mbu hawakuwa wameambiwa kwamba huku ni baridi. Watoto wakaanza kufa. Boma la juu, boma la chini, boma la kando. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba mashamba yetu yalikuwa meupe kwa pareto, ua linaloua mbu! Tulilichuma, tukalikausha, tukalipeleka likatengenezewe watu wengine dawa ya mbu.

Basi mwaka uliofuata akaja bwana afya na Landrova, akatuita kwenye kibanda cha maziwa cha ushirika. Kijana wa suruali iliyonyoshwa, mpole, sina ubaya naye. Akasema Nairobi imeamua kwamba kila wiki, watoto wote na mama waja wazito watameza tembe, hata kama ni wazima kabisa. "Kinga ni bora kuliko tiba," akasema, na akatutaka turudie wote. Tukasema. Tukapiga makofi. Wengine tulilia, kwa sababu tulikuwa tumezika.

Mtu akauliza, "Siku gani?"

"Kila Jumamosi asubuhi. Hapa hapa."

Nusu ya makofi ikakatika. Bwana afya akatuangalia asielewe. Akaeleza kwamba Jumamosi watoto wa shule wako nyumbani, na siku nyingine gari linahitajika kwingine. Mwanamke mmoja wa kanisa letu akaomba tupewe tembe tukazimeze nyumbani Jumapili. Haikuwezekana. Amri ilisema kila mtu ameze mbele ya macho yake, kwani kwingine watu walizificha wakaziweka akiba.

Asiyekuwepo na lake halipo. Waliokaa mezani kuchagua siku hiyo, hakuna hata mmoja aliyekuwa na mama Msabato. Au alikuwepo na akanyamaza, sijui.

Sabato iliyofuata mzee akasimama mbele. Kanisa lilijaa mpaka nje, kwa sababu kila mtu alitaka kujua. Akasema Bwana aliponya wagonjwa siku ya Sabato, kwa hiyo mgonjwa akipelekwa kutibiwa si dhambi. Lakini mtu asiye mgonjwa kwenda kupanga foleni kumeza dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, hiyo ni shughuli kama shughuli ya soko. "Mgonjwa atibiwe," akasema, "mzima aende nyumbani." Ikawa ndiyo sheria. Watu walitoka wakiirudia njiani kama methali.

Najua mnacheka. Mimi pia ningecheka kama ingekuwa ya jirani. Lakini mzee huyo alikuwa amewahi kuwa mchuma pareto wa mzungu, katika shamba hilo hilo tulilokuwa tunaishi. Mzungu alimwambia achume Jumamosi, akakataa, akatupiwa vitu vyake barabarani na mkewe ana mimba. Alirudi miaka mingi baadaye akiwa mwenye shamba, na kitu cha kwanza alichofanya ni kupumzika Jumamosi pale pale alipofukuzwa. Sasa anakuja kijana wa serikali yake mwenyewe anamwambia, Jumamosi. Ningekuwa yeye ningekohoa damu.

Lakini mimi sikuwa yeye. Mimi nilikuwa na mtoto.

Jirani yangu ng'ambo ya ua alikuwa Mkatoliki, mwanamke mwenye mdomo kama wembe na moyo kama mkate. Jumamosi ya kwanza alipita na watoto wake wakienda kumeza. Akaniona nimesimama na nguo zangu za kanisa. "Dada," akasema, "ng'ombe wenu mmewakamua leo?"

"Tumewakamua."

"Maskini ng'ombe hawana dini! Mnakamua Jumamosi, mnakula Jumamosi, mnateremka huko chooni Jumamosi, ila koo la mtoto ndilo linalopumzika?" Akacheka kicheko chake kile. Kisha akaacha kucheka, akanyoosha mikono. "Nipe huyo. Wangu ni wengi, nani atahesabu?"

Nikampa. Sikufikiri mara mbili, na mpaka leo sijutii. Nilikwenda kanisani mikono mitupu, nikasema mtoto amelala kwa jirani. Nikafanya hivyo Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Mtoto alirudi na uso umekunjamana kwa uchungu wa dawa, jirani amemtia kipande cha ndizi mbivu mdomoni. Mvua ikanyesha. Kwa Wasabato wenzangu homa iliingia nyumba hadi nyumba, na binti yangu alikuwa anaruka ruka uani. Mzee alimshukuru Mungu kwa jambo hilo katika maombi ya jioni, na mimi niliinamisha kichwa nikasema amina.

Tuliponzwa na ishara ya msalaba. Pale kwenye foleni, jirani alikuwa akiwafanyisha watoto wake ishara ya msalaba kabla ya kumeza, na binti yangu, ambaye hakuna kitu alichokiona asikiige, akajifunza. Siku moja mzee akampa kipande cha ugali na mboga ya chinsaga. Mtoto akaweka chakula chini, akajigusa paji, kifua, bega, bega, akasema "Amina," kisha akakunja uso kama anayesubiri kitu kichungu. Mzee wa kanisa! Mbele ya sahani yake mwenyewe!

Alasiri nikasikia kikohozi nje ya ukuta wangu.

"Mokamwana," aliniita, yaani mke wa mwanangu. "Mtoto anakwenda wapi Sabato?"

"Anakwenda kumeza dawa, tata," nikasema, yaani baba.

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Na si mgonjwa kwa sababu anakwenda."

Nilisikia fimbo yake ikichimba chini. Nikajua nimevuka mpaka, lakini ulimi ukishatoka mbio haurudi. "Tata, waliokaa nyumbani wazima, tumewazika wakiwa wazima?"

"Usinijibu hivyo."

"Basi nijibu wewe."

Haijapata kusemwa, mokamwana kumwambia mzee hivyo. Mwishowe akasema mtoto hatakwenda tena, nami nikajua amesema. Nilimchukia. Nasema wazi, siku hiyo nilimchukia mpaka chakula kikanishinda.

Lakini kesho yake alfajiri alivaa koti lake la harusi na mazishi, akapanda lori la maziwa kwenda Kisii mjini. Alikwenda ofisini kwa wakubwa wa bwana afya kuomba siku ibadilishwe. Aliporudi alikohoa nje ya ukuta akanisimulia, na nilisikia katika sauti yake kwamba ametukanwa. Alikuwa amewaambia, "Pale kwetu kuna josho. Serikali imetupa Alhamisi ya kuogesha ng'ombe, na kila Alhamisi ng'ombe wanaogeshwa. Ng'ombe wana siku yao. Watoto wetu mnashindwa kuwapa siku?" Mkubwa mmoja akacheka. Mwingine akamwambia, "Mzee, sera ni sera."

"Sera ni nini?" aliniuliza kupitia ukuta. Nilikuwa nimesoma kidogo kumshinda.

"Ni neno lililokaa Nairobi, tata."

"Basi na liamke."

Akarudi tena mjini. Na tena. Wakati wa kuchuma pareto alikwenda, wakati wa kupanda mahindi alikwenda. Wakamzoea, wakawa wanamwita "mzee wa Alhamisi." Mimi hasira yangu ikaanza kupungua, kwa sababu mtu anayejua kunyenyekea mbele ya watoto wadogo wa ofisini kwa ajili ya mjukuu wake, huyo utamchukia mpaka lini? Na siku moja alirudi akitembea haraka, hata hakukohoa. "Jumatano!" akaita kutoka langoni. "Wamekubali Jumatano!"

Alitangaza kanisani. Jumatano yenyewe maboma mazima ya Wasabato yaliteremka kwenye kibanda cha maziwa, wamama wamefunga vitambaa, watoto wameoshwa miguu. Mzee alikuwa wa kwanza kwenye foleni, binti yangu amekaa mabegani mwake akiimba. Jirani yangu naye alikuja, akanipiga kiwiko. "Eh, leo mmepata dini," akasema, na tukacheka wote wawili.

Landrova ikaja. Bwana afya akashuka, yule yule mpole. Hakufungua mlango wa nyuma. Nilikuwa nautazama mlango ule kama mtu anavyotazama chungu, na haukufunguliwa.

Akasema Nairobi imebadilisha sera. Wataalamu wamekaa, wameona kwamba kuwapa dawa watu wasio na homa ni hasara na inaizoesha malaria hiyo dawa. Tembe za kila wiki zimekwisha. Kuanzia sasa dawa itakuwa zahanati, na itakuwa ya mwenye homa tu. Kisha akatafuta maneno mepesi ya kutufahamisha sisi wakulima, na maneno aliyoyapata, wallahi sisemi uongo, yalikuwa haya: "Mgonjwa atibiwe, mzima aende nyumbani."

Hakuwahi kufika kanisani kwetu. Hakujua. Lakini foleni nzima iligeuka ikamtazama mzee.

Mzee akamshusha mtoto chini taratibu. "Kijana," akasema, "na ile kinga bora kuliko tiba?"

"Hiyo ilikuwa sera ya zamani, mzee."

Zamani! Tulikuwa tumeisema kwa pamoja pale pale, kwa sauti moja, na kibanda hata bati lake halijapata kutu. Labda wataalamu walikuwa na haki. Mimi sijui dawa, na nimeambiwa baadaye na watu wanaojua kwamba kweli dawa huzoeleka. Sawa. Lakini mtu akikunyang'anya mwavuli kwa sababu nzuri, mvua haikuulizi sababu. Tukaenda nyumbani, kwa kuwa tulikuwa wazima.

Mvua ndefu zilipokuja homa ilimshika binti yangu. Ilikuwa Ijumaa jua likitua, tunaikaribisha Sabato. Nikamkanda kwa maji, nikamfunika, nikamfunua. Asubuhi macho yakageuka meupe na mwili ukaanza kukakamaa na kurukaruka. Nilipiga kelele. Mume wangu alikuwa Kericho. Nilisikia kikohozi nje mara moja tu, kisha mlango ukafunguka, na baba mkwe wangu akaingia nyumbani mwangu.

Hamtaelewa ninyi. Baba mkwe haingii. Aliinama, akamtoa mtoto mikononi mwangu, na vidole vyake vikagusa vyangu. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Alikuwa analia.

Tukatoka mbio. Njia ilipita mbele ya kanisa, na wenzetu walikuwa ndani wakiimba wimbo ambao mtoto aliupenda. Mzee hakugeuza kichwa. Tulifika zahanati tukihema. Mlango ulikuwa na kufuli.

Mlinzi alikuwa amekaa kwenye ngazi anakula muhindi wa kuchoma. "Daktari harudi mpaka Jumatatu," akasema. "Serikali haifanyi kazi Jumamosi."

Mzee akamtazama. Sijapata kuona mtu akimtazama mwenzake vile. "Kumbe nanyi mna Sabato siku hizi?" akauliza.

Mlinzi akaendelea kutafuna muhindi wake. Angejuaje? Alikuwa maskini mwenzetu mwenye ufunguo wa geti tu. Tukarudi barabarani, tukasubiri lori la maziwa la wale wasiopumzika Sabato, na tukafika hospitali ya Kisii jua limeinama. Madaktari wa pale walimpigania mtoto, na sitasahau. Mtoto akaishi. Akafumbua macho, akala, akatambua watu. Tuliporudi nyumbani jirani alichinja kuku, na mzee aliomba sala ndefu mpaka kuku akapoa.

Asubuhi iliyofuata mtoto alikuwa uani anacheza na vijiti. Mzee akatoka nyumbani kwake akaita, "Mama, njoo!" Hakugeuka. Akaita tena. Nikasimama mlangoni na ungo mkononi. Akaita mara ya tatu kwa sauti iliyowashtua kuku, na mtoto akaendelea kupanga vijiti vyake. Baadaye hospitalini walitueleza kwamba homa ilipanda kichwani ikaharibu masikio, na kwamba tumshukuru Mungu kwa uhai. Tulimshukuru. Lakini taratibu maneno yakamtoka mdomoni moja baada ya jingine, na nyimbo zikatoka kwanza.

Watu huniuliza namlaumu nani. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, lakini nyasi hii ilikuwa inaita watu "mwanangu." Nawalaumu wote. Namlaumu mzee kwa ile Sabato yake, na namlaumu aliyechagua Jumamosi, na aliyeibadilisha tulipokuwa tumeshaosha miguu, na aliyefunga kufuli. Kila mmoja alikuwa na sababu, na ukiwasikiliza mmoja mmoja utasema ni watu wazuri. Mzee hakusimama tena mbele ya kanisa. Alikaa benchi la nyuma, binti yangu kando yake, na wengine walipoimba yeye alifunga mdomo.

Miaka ilipita, binti yangu akawa msichana mkubwa, mchuma pareto hodari kuliko wote. Siku moja ikapita gari na kipaza sauti juu. Sera mpya. Dawa ya malaria sasa itauzwa hata madukani, zahanati zitafunguliwa siku zote, mtu yeyote akihisi homa asisubiri. "Siku yoyote," kile kipaza sauti kikapiga kelele mpaka mbwa wakabweka. "Siku yoyote mnayotaka!" Watu walitoka mabomani wakasimama kwenye ua. Mzee, ambaye sasa alitembea kwa fimbo mbili, alikuwa kwenye kigoda chake. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia shamba, na kwa mazoea tu, kama alivyofanya karibu kila siku miaka ile yote, akaita: "Mama!"

Binti yangu alikuwa katikati ya pareto, mgongo ameupa barabara, vidole vyake vinakwenda. Nikateremka nikamgusa bega. Akaniuliza kwa mikono kuna nini, mbona watu wamesimama. Nikamwambia hakuna kitu, aendelee kuchuma.